Tundu la Nusu Milimita

Gari linawaka kwa ufunguo wa kwanza, gia zinaingia bila kugoma, injini inavuta vizuri kwenye mchanga, na petroli haiishi haraka kuliko juzi. Hata hivyo kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye umbo la injini, nayo haizimiki. Fundi akichomeka mashine ya kusomea kodi za hitilafu anakuta P0442 au P0456, maana yake mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli unavuja, na uvujaji wenyewe ni mdogo. Mwenye gari anauliza swali la haki kabisa: ikiwa gari halisumbui, kosa liko wapi? Swali hilo limezoeleka kwenye gereji za chini ya miembe, lakini ni la zamani kuliko magari. Kwa maneno mengine ndilo linalokaa katikati ya somo la maadili linalofundishwa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo imekuwa ikiwalea mapadre tangu 1925. Je, mtu anawajibika kwa kosa asilolihisi? Na kama anawajibika, alitafute kwa njia gani? Ninachotetea hapa ni kwamba anawajibika, kwa sababu tumezoea kuichanganya dhamiri na hisia. Dhamiri ni upimaji. Moyo uliotulia haujathibitisha kitu mpaka upimwe, na aliyejipima akakuta kosa bado hajajua liko wapi.

Ili hoja isielee hewani, tuutazame kwanza mfumo wenyewe. Petroli haingoji kuchomwa ndipo iondoke kwenye tangi. Jua la Septemba na Oktoba la Unyamwezi likipiga gari lililoegeshwa, petroli iliyo ndani hupata joto na kugeuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Zamani uliachwa utoke. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukichoma macho ya watu wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa mafuta na oksidi za naitrojeni vinapopikwa pamoja na mwanga wa jua. Polepole ikaeleweka kwamba hata gari lililozimwa huchafua hewa. Jimbo la California likaamuru magari mapya ya 1970 yawe na kifaa cha kuunasa mvuke huo, na Marekani nzima ikafuata 1971. Kifaa chenyewe hakina makuu. Tangi hufungwa, mvuke hupitishwa kwenye mkebe uliojaa mkaa, na mkaa huo umeandaliwa kwa namna ambayo gramu yake moja ina vinyweleo vingi mno; kuta za vinyweleo hivyo zikitandazwa zingefunika mamia ya mita za mraba. Mkaa huushikilia mvuke mpaka injini iwake, kisha valvu hufunguka, injini huuvuta mvuke ule na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Tabora wanaujua mkaa kama kitu cha kuwashia. Hapa kazi yake ni kushikilia kisipotee kile ambacho kingeruka. Mpira wa kupitishia mvuke ukipasuka, oringi ikikauka, shingo ya tangi ikiliwa na kutu, mvuke hupata upenyo na kwenda zake. Ndani yake mna benzini, kemikali inayojulikana kuleta saratani. Lakini mwenye gari haoni doa chini, wala hasikii mlio.

Kwa kuwa dereva hana njia ya kujua, ilibidi gari lifundishwe kujipima. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yalitakiwa kugundua tundu lenye upana wa milimita 1 hivi, na kuanzia 2000 kipimo kikashuka hatua kwa hatua hadi nusu milimita, unene wa risasi ya ile penseli ya kubonyeza. Njia za kujipima ziko nyingi, lakini moja inastahili kutazamwa kwa makini na kila anayefikiri juu ya dhamiri. Katika baadhi ya magari ya Toyota upimaji haufanyiki njiani. Gari huzimwa, milango hufungwa, mwenyewe huenda kulala. Baada ya muda wa saa tano hivi pampu ndogo huamka yenyewe. Ikikuta injini bado ni ya moto, huahirisha mpaka saa saba zitimie, na hata tisa na nusu. Ikishaamka, kwanza huvuta hewa kupitia tundu dogo lililotobolewa kiwandani kwa makusudi, lenye upana ule ule wa nusu milimita, na kompyuta huandika mvuto uliopatikana. Kisha njia ambayo tangi hupumulia hufungwa, na pampu huvuta upande wa tangi. Mvuto wa tangi ukifika pale ulipofika wa tundu la mfano na kupita, tangi ni zima. Ukishindwa kufika, kuna mahali panavuja kuliko tundu lile. Hayo yote hufanyika gizani, bila mtu kujua.

Anayejua ratiba ya nyumba ya malezi ya Kikatoliki atautambua mpangilio huo mara moja. Kabla ya kulala, kwenye sala ya usiku, kuna muda wa kujitafiti dhamiri: siku inapitiwa, si kwa kuuliza "najisikiaje?" ila kwa kuuliza "nimefanya nini na nimeacha nini?" Mazoezi hayo yalitiwa nguvu na Ignatius wa Loyola katika karne ya 16, na Wamisionari wa Afrika walioanzisha misheni ya kwanza Kipalapala katika miaka ya 1880 walilelewa humo. Waislamu wa Tabora, ambao historia yao inarudi hadi Kazeh, yaani Tabora ya zamani ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika karne ya 19, wana jina lao kwa jambo hilo hilo: muhasaba, kuihesabu nafsi. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliliandikia sehemu nzima katika kitabu chake Ihya, akimfananisha anayejihesabu na mfanyabiashara anayekaa na mshirika wake jioni kukagua mtaji, faida na hasara. Mfano huo ulistahili kusomwa Kazeh kuliko mahali pengi, kwa maana pale ndipo misafara iliposimama kuhesabu mizigo kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya pwani, na kiongozi wa msafara hakuiamini kumbukumbu ya mpagazi. Aliuhesabu mzigo.

Mapokeo hayo mawili yanakubaliana katika mambo mawili ambayo pampu ya usiku inayafanya yaonekane kwa macho. La kwanza ni utulivu. Tangi kwa kawaida yake hupumua. Lina njia ya kuingizia hewa ili petroli inapopungua lisibonyee. Kulipima kunahitaji pumzi hiyo ifungwe kwa dakika chache. Ndiyo maana watu hufanya mafungo, na wengine huingia itikafu: nafsi inayopokea na kutoa mchana kutwa haiwezi kupimwa ikiwa katika kupokea na kutoa. La pili ni zito zaidi, na naona limesahauliwa. Gari halijilinganishi na gari la jirani. Halijilinganishi pia na tangi la mbinguni lisilo na tundu lolote. Linajilinganisha na kasoro inayojulikana kipimo chake. Wengi wetu tunaposema dhamiri zetu ni safi tumejilinganisha na majirani: kila gari mtaani lina taa ya njano, basi na langu. Wachache huangukia upande wa pili, wakajilinganisha na ukamilifu na kukata tamaa. Katika njia zote mbili hakuna kilichopimwa. Amri zilizoandikwa, miiko, orodha za kujitafitia zilizo kwenye vitabu vya sala, hizo ndizo tundu la mfano. Zinasema waziwazi ukubwa wa kosa ambalo likipitwa ni lazima taa iwake.

Kwa nini basi tusiiamini hisia? Ushahidi mzuri tunao puani. Harufu ya petroli ni kali, na mtu aliyetoka nje akiingia kwenye gari linalovuja aghalabu huisikia. Lakini pua huchoka: ikikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa huacha kuitambua, na anayekaa na harufu hiyo kila siku huiona kuwa ndiyo hewa ya kawaida ya gari lake. Kwa hiyo mtu wa mwisho kujua kwamba gari linanuka petroli ni mwenye gari. Naomba msomaji alizingatie hilo kwa uzito wake wote, kwa sababu linapindua imani yetu ya kila siku kwamba mtu ndiye shahidi mkuu wa mambo yake ya ndani. Katika jambo lililodumu, yeye ndiye shahidi dhaifu. Zaburi ya 19 ina ombi la kutakaswa makosa yaliyofichika, na mwenye kuomba anayahesabu kuwa yamefichika kwake yeye mwenyewe. Angekuwa anayahisi, asingelazimika kuomba hivyo.

Tukubali basi kwamba taa imewaka na inasema kweli. Hapo linakuja kosa la pili, ambalo nadhani limewaumiza watu wa dini kuliko la kwanza. Taa inasema kuna uvujaji. Haisemi uko wapi. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, na hapo ujuzi wa kompyuta umekoma. Fundi mwenye haraka hubadilisha kifuniko cha tangi, taa ikirudi hubadilisha valvu, ikirudi tena hubadilisha mkebe wa mkaa, na mteja hulipa spea tatu ambazo huenda zote zilikuwa nzima. Nafsi nazo hutibiwa hivyo. Mtu anajisikia ana hatia, hajui ya nini, basi anaongeza sala, anaongeza saumu, anatoa sadaka, na siku chache baadaye taa inarudi. Hatia si utambuzi wa ugonjwa. Fundi anayejua kazi yake hutumia mashine ya moshi. Mafuta ya madini huchemshwa yakatoa moshi mzito mweupe, moshi husukumwa ndani ya mfumo kwa mgandamizo mdogo mno, maana mgandamizo mkubwa hupasua kilichokuwa kizima, na mafundi waangalifu huusukuma kwa naitrojeni badala ya hewa ya kawaida, ili mvuke wa petroli uliomo ndani usije ukapata wa kuuwasha. Njia ya kupumulia hufungwa. Kisha fundi huzunguka na tochi, anasubiri. Moshi hutoka penye tundu hata likiwa dogo kama la sindano, na mpira ulioonekana mzima kwa juu huonekana umepasuka kwa chini.

Katika kazi hiyo kuna hali moja inayotatiza wanafunzi. Moshi unaingia, mgandamizo unashuka, lakini nje hakuna unapotokea. Mara nyingi kinachokuwa kimeharibika ni valvu inayopeleka mvuke kwenye injini: imekwama wazi, na moshi unapotelea humo humo, unaingia kwenye njia ya hewa ya injini. Uvujaji ni wa ndani. Sijui mfano bora wa yale makosa ambayo jirani hawezi kuyaona wala kuyashitaki, kinyongo kilichohifadhiwa, tamaa iliyolishwa, na ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka akisifiwa kwa uadilifu. Ndiyo sababu mapokeo ya Kikatoliki hayakuishia kwenye kujitafiti. Yaliweka mtu wa pili, muungamishi, na masufii wakaweka sheikh wa kumlea muridi. Mtu mmoja hawezi kuwa moshi, tochi na jicho kwa wakati mmoja. Najua wengi leo wanaona aibu kumfunulia mwingine yaliyo ndani. Hata hivyo wapo ambao hawaoni shida kumpa fundi wasiyemjua funguo za gari na kadi yake.

Pingamizi la kwanza la kweli dhidi ya hoja hii linatoka ndani ya dini zenyewe. Pasipo nia hapana dhambi. Mwislamu atakumbusha mafundisho ya Mtume kwamba umma wake umesamehewa kukosea na kusahau. Mkristo atakumbusha kwamba dhambi ya mauti inadai kujua na kuridhia. Ikiwa mwenye gari hakutoboa mpira na hakujua umetoboka, tunamshitaki nini? Nalipokea pingamizi hili lote, kisha naomba tusome mbele kidogo. Sura An-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyeua kwa kukosea, mtu asiye na nia kabisa, na bado inamwekea kafara na fidia kwa jamaa za marehemu. Wanazuoni wa sheria wakajenga juu ya msingi wa namna hiyo kanuni ya dhamana: aliyeharibu mali ya mtu kwa bahati mbaya hana dhambi, lakini analipa. Mambo ya Walawi, sura ya 5, inaweka sadaka ya mtu aliyekosa pasipo kujua. Maana yake kuna mambo mawili tuliyokuwa tumeyafunga katika kitita kimoja, lawama na wajibu wa kutengeneza. Lawama husubiri nia. Wajibu wa kutengeneza huanza palipo na madhara. Tena hata lawama haikai mbali daima. Thoma wa Akwino alitofautisha ujinga usioweza kuondolewa na ujinga ambao mtu angeuondoa kama angejishughulisha, akasema wa pili wenyewe ni kosa, kwa sababu ni uzembe juu ya jambo tulilopaswa kulijua. Kabla ya taa kuwaka mwenye gari alikuwa katika ujinga wa kwanza. Tangu ilipowaka, yuko katika wa pili, na kila safari anayoanza bila kuuliza inaufanya ujinga huo uwe wa kuchagua.

Hapa pia ndipo penye ubaya wa desturi ya kufuta kodi. Mashine ile ile inayosoma ina kitufe cha kufuta, na taa huzimika papo hapo. Tundu liko vile vile. Kompyuta husahau, huanza kujipima upya, na kwa kawaida huhitaji kukuta kasoro katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa tena. Kwa hiyo muuzaji anazo siku kadhaa za dashibodi safi, zinazotosha kumpata mnunuzi. Thoma aliandika juu ya jambo la namna hiyo katika karne ya 13, alipouliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya bidhaa. Jibu lake lilikuwa kwamba kasoro ikiwa imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, analazimika. Fikihi ya Kiislamu inampa mnunuzi wa namna hiyo haki ya kurudisha kitu. Kufuta kodi bila kutengeneza ni uongo uliosemwa kwa taa, na sioni kwa nini tuuite jina jepesi zaidi.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Tabora si Los Angeles. Magari ni machache, miombo imetuzunguka, anga ni pana. Miti yenyewe hutoa mivuke yake, na moshi wa moto wa porini wakati wa kiangazi pamoja na kuni za kukaushia tumbaku Urambo na Kaliua hufunika mara nyingi kile kinachopita kwenye tundu la nusu milimita. Hili ni kweli, na mtu asiyelikubali hajatazama anga la Agosti. Lakini udogo wa sehemu yangu hauwezi kuwa ndio unaoniondolea wajibu, la sivyo hakuna madhara ya umma ambayo yangekuwa na mwenyewe. Tukumbuke risasi. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na hakuna dereva aliyeona chochote. Gari liliendeshwa vizuri zaidi kwa sababu ya sumu ile. Kila moshi wa bomba ulikuwa kidogo tu. Madhara yalikaa katika damu na akili za watoto waliokulia kando ya barabara, ambao hawakumiliki gari. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, zikafanikiwa kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha kuiuza 2021. Kama kila mmoja angesubiri sehemu yake iwe kubwa ndipo aguswe, risasi ingekuwamo hadi leo.

Njia ya misafara inatoa ushahidi wa pili, na huu ni wa nyumbani. Pembe za ndovu zilizopita Kazeh kwenye mabega ya wapagazi zilifika Unguja, na nyingi zikavuka bahari hadi viwanda vya Ivoryton na Deep River katika jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vibao vya piano. Aliyekaa kwenye piano hiyo jioni hakusikia harufu ya kitu. Muziki ulikuwa mzuri, kinanda hakikuwa na kasoro. Uvujaji ulikuwa upande huu, katika vita vya kugombea njia, vijiji vilivyochomwa, na watu waliouzwa katika biashara iliyokwenda sambamba na ile ya pembe. Na watoto waliokombolewa kutoka humo ndio walioishi katika nyumba ya yatima ya misheni ya Kipalapala, kabla misheni ile haijafungwa mwaka 1889. Sisemi kwamba mvuke wa petroli ni sawa na utumwa. Mtu anayelinganisha vitu hivyo kwa uzito amepoteza mizani. Nasema umbo la hoja ni lile lile. Mtumiaji anayepimia wema wa chombo kwa jinsi kinavyomtumikia yeye amechagua kipimo ambacho hakiwezi kuonyesha kosa la aina hii. Hata methali yetu ya ufa na ukuta haimsaidii, kwani inamwonya mtu juu ya ukuta wake mwenyewe. Kuna nyufa ambazo ukuta wake humwangukia mwingine.

Pingamizi la tatu ni la umaskini, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mashine ya moshi haipo katika kila gereji, spea halisi ni ghali, na dereva wa teksi anayelisha watu sita hawezi kulaza gari siku mbili kwa ajili ya mvuke. Wanateolojia wana kanuni kwamba hakuna anayefungwa na lisilowezekana, nami siidharau. Ila tuangalie lisilowezekana linaanzia wapi. Kuangalia raba ya kifuniko cha tangi kama imepasuka au imeingia vumbi, na kukikaza mpaka kilie, ni kazi isiyo na gharama, na taa nyingi za aina hii husababishwa na kifuniko. Kuacha kujaza tangi pomoni baada ya pampu ya kituo kujikata yenyewe ni bure pia; petroli ya majimaji ikipanda hadi kwenye mkebe huuharibu mkaa, na mkebe ndio spea ya bei mbaya kuliko zote. Kutembeza mkono juu ya mipira ya chini baada ya barabara za matuta, vivyo hivyo. Mtu akishafanya hayo na taa bado ikawaka, mzigo unahamia kwa wenye uwezo zaidi: wanaoagiza magari, wenye gereji, na dola, ambayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwenye vitabu vyake. Wajibu hugawanyika kwa kadiri ya uwezo. Haupotei kwa sababu mmoja ameishiwa.

Limebaki pingamizi ambalo wenye busara hulitoa kwa upole. Mkiwafundisha watu kutafuta makosa wasiyoyahisi mtawatia wasiwasi. Kuna mtu atatawadha mara tisa, mwingine ataungama dhambi ile ile kila Jumamosi, wote wakiamini kuna tundu ambalo halijaonekana. Maradhi hayo yapo, na walezi wa roho wa dini zote mbili wameyapigania kwa karne nyingi. Lakini tuutazame tena mfumo tulioanza nao, maana umepangwa na watu waliolijua tatizo hilo. Tundu dogo kuliko nusu milimita haliwashi taa. Si kwamba halipo, ni kwamba limeamuliwa kuwa la kusamehewa. Magari mengi hayapimi tangi likiwa karibu tupu, wala likiwa limejaa sana, wala wakati wa joto kali, kwa sababu majibu yake hayaaminiki, kama yasivyoaminika majibu ya mtu anayejihukumu akiwa na njaa, akiwa ameshiba sifa, au akiwa na hasira. Kasoro iliyoonekana mara moja husubiri kuthibitishwa na ya pili. Tundu likizibwa, vipimo vichache vizuri mfululizo huizima taa yenyewe, bila mtu kuigusa. Na ile pampu ya usiku haizunguki mpaka alfajiri. Inavuta kwa dakika chache, inaandika ilichokuta, inafungua tena njia ya tangi kupumua, inazimika, na haitaamka mpaka gari litembee tena.